Saa nimeirudisha, wala sikuulizwa kwa nini

Wiki iliyopita niliagiza mtandaoni saa ya michezo ya kike, ya kukimbilia na kuogelea. Ilipofika hapa Leipzig, loo, ikanimeza mkono. Uso una milimita 42, na mkono wangu ni huu mwembamba niliorithi kwa mama. Kosa langu, maana vipimo viliandikwa. Nikairudisha kwenye boksi lake, nikalipia posta. Siku chache baadaye pesa ya saa imeingia benki, yote. Sheria ya Ujerumani inampa anayenunua mtandaoni siku 14 tangu apokee mzigo, arudishe bila kutoa sababu.

Bila kutoa sababu! Hapo ndipo nilipoumia, maana nilimkumbuka mdogo wangu wa Iyunga, kule Mbeya.

Yeye ni mwalimu, anafundisha netiboli. Mwaka jana aliona saa ya namna hiyo hiyo kwenye ukurasa wa muuzaji wa Kariakoo, chini pameandikwa "bei njoo inbox". Akatuma 65,000 kwa simu, mzigo ukapanda basi, akaenda kuuchukua stendi alfajiri na baridi ile ya Juni mnayoijua. Aliagiza ya zambarau, ikaja nyeusi. Akanyamaza. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba anaweza kuogelea nayo kwa kuwa imeandikwa mita 30. Jamani, mita 30 za saa si kina cha maji, ni kipimo cha shinikizo. Saa hiyo inavumilia kunawa mikono na manyunyu; ya kuogelea tafuta yenye mita 100. Mvua moja ya Mbeya uwanjani, kioo kikajaa ukungu na mshale ukasimama. Alipoomba abadilishiwe akajibiwa mali ikiuzwa hairudishwi. Alipouliza mara ya pili, ameshablokiwa.

Najua mtakachosema. Dada huyu kakaa Ulaya miaka sita, sasa anatuona washamba. Hapana. Ningewaona washamba nisingeumia. Wengine mtasema wateja wetu nao wajanja, watavaa saa kwenye harusi Jumamosi, Jumatatu wanairudisha. Wapo, na huku pia wapo. Lakini kwa nini mdogo wangu aadhibiwe kwa ujanja wa mtu asiyemjua?

Na msiniambie eti mtaji ni mdogo. Nenda Uyole sokoni, Mbeya hiyo hiyo, kwa mama wa viazi na parachichi. Mtaji wake wote uko kwenye turubai lile pale chini. Ukimrudia na parachichi lililooza ndani, anakupa jingine, na nyongeza juu, na anakuuliza habari za nyumbani. Hakuna sheria iliyomfundisha. Kesho atakuona tena na anataka uso wake uwe safi mbele yako. Huyo ndiye mfanyabiashara wetu, na nikimweleza Mjerumani habari zake najivuna kabisa. Aliyetuharibia ni huyu wa kwenye simu, ambaye hana uso, na leo akichafuka kesho anafungua ukurasa mwingine.

Sheria nyumbani Tanzania ipo. Ile ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Ila mwalimu wa Iyunga amshitaki nani, namba ya simu? Mimi ningetaka hawa wauzaji wasajiliwe, jina na duka vijulikane, na mteja apewe hata siku tatu tu za kukagua mzigo. Siku tatu si uzungu. Yule mama wa Uyole anatoa zaidi ya hizo.

Nimeshaagiza nyingine, milimita 34, mita 100. Mbili: yangu na ya mdogo wangu, ya zambarau. Desemba nakuja nazo, mikanda tutapunguziwa na fundi wa Mwanjelwa, maana yeye hunipimia mkononi kwanza kabla hajagusa pini.