Kamera ndani ya lipiko

Mwezi uliopita niliingia kuangalia onyesho la kikundi cha vijana hapa Mtwara mjini. Kiingilio shilingi 3,000, viti vya plastiki, mashuka matatu meupe yametundikwa ukutani badala ya skrini, na projekta mbili zimefungwa juu ya nguzo kwa mpira wa tairi. Nilijua nimeshapoteza jioni yangu.

Sikuipoteza. Kijana kakalia ndoo iliyopinduliwa, anamenya korosho za kuchoma, hasemi neno. Kwenye mashuka ni yeye huyohuyo: huku kavaa koti la kuazima, anajitambulisha kwa Kiswahili cha Dar, huku uso umelainishwa na filta mpaka pua inataka kupotea, shuka la tatu halina picha, ni sauti yake tu, ujumbe wa simu anamwambia mama yake kwamba ameshakula na ameshiba. Mama akajibu: "Haya baba, mimi nimefurahi." Kwa namna alivyoivuta ile "haya", kila mtu ukumbini alielewa kwamba mama anajua. Kijana akaendelea kumenya korosho.

Kama wangeishia hapo ningerudi nyumbani nikiwasifia. Lakini ngoma zikalia, akatoka lipiko, mchezaji wa Kimakonde aliyevaa kinyago ambacho nacho huitwa lipiko, na ndani ya kinyago hicho walikuwa wamebandika simu ndogo. Shuka la katikati likajaa uso wa mchezaji: jasho, meno, jicho linapepesa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi nikanuna.

Msinielewe vibaya. Mimi ni wa Newala, na ya jandoni, anakotoka lipiko, siyaandiki hapa wala pengine, ila sikununa kwa sababu ya siri. Mapiko (ndiyo wingi wa lipiko) yamekuwa yakichezwa mbele ya wageni na watalii miaka mingi, hakuna aliyekufa. Nilinuna kwa sababu wale vijana walikuwa wameshasema jambo zito, kisha wakalifuta kwa mkono wao wenyewe.

Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi, hubandikwa nywele za watu kweli, na mashavuni huwekwa chale kwa nta, zile tunazoziita nembo (neno ambalo leo makampuni hulipa pesa nyingi kuchorewa). Mchezaji hulivaa kichwani, akachungulia kupitia mdomo wake, mwili mzima umefungwa nguo na njuga. Wachongaji wamechonga Wahindi, Wazungu, askari polisi. Na mwanamke hakutakiwa kujua aliye ndani ni nani.

Hakutakiwa. Mjomba wangu alikuwa na kidole gumba cha mguu kilichopindishwa na jembe, na akikanyaga alikuwa anavuta kidogo upande wa kushoto. Bibi yangu alimzaa, akamlea, akamkanda huo mguu. Lipiko akija uani Bibi alirudi nyuma kwa woga kama wenzake, akapiga vigelegele, akatoa sarafu. Asubuhi mjomba anakuja kunywa uji: "Mama, nasikia jana mlipata mgeni." "Tulipata, mwanangu. Katoka mbali." Wote wawili wanatazama uji.

Erving Goffman, mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada, aliandika miaka ya 1950 kwamba maisha ya kila siku yana jukwaa na nyuma ya jukwaa. Watu humnukuu kwa hilo tu, kana kwamba alisema sote ni waongo. Lakini aliona pia kwamba watazamaji ni washirika: wakiliona kosa hujifanya hawakuliona, ili mwenzao asiumbuke. Bibi hakumsoma Goffman. Binamu yangu aliyeko Kariakoo akipiga picha ameegemea gari la watu na kuiweka kwenye WhatsApp, sisi huku tunaandika "hongera mkuu". Gari si lake, tunajua, naye anajua tunajua.

Kuchanganya picha na mwigizaji si jambo la juzi. Erwin Piscator, mwongozaji wa maigizo wa Kijerumani, alitumia filamu jukwaani Berlin miaka ya 1920, na Laterna Magika, kikundi cha maigizo cha Prague, iliwachanganya wachezaji hai na picha zao wenyewe kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels mwaka 1958. Utamu uko pale mtu na picha yake wanapokataa kukubaliana. Kamera ikigeuzwa kuwa ya kufichua, "huyu hapa ndiye yeye wa kweli", inatuletea taarifa ya habari. Nani kasema lile jasho ndilo la kweli kuliko ule mti?

Baada ya onyesho nilimfuata dada aliyeliongoza, alikuwa anakunja nyaya. Alinisikiliza bila kukasirika. "Kaka, watu siku hizi wanataka kuona kila kitu. Umesikia makofi?"

Nimeyasikia. Nikamwambia waigeuze ile simu itazame nje, kupitia mdomo wa lipiko, shuka lionyeshe sisi tuliokaa, namna yeye anavyotuona.

Akafikiri, waya mkononi. "Ukumbi una giza. Shuka litakuwa jeusi, mtaonekana vivuli tu, na pengine njuga zinazomtikisa zitaharibu hata hivyo vivuli."

Nikamwambia wajaribu hivyohivyo, wasiwashe taa.

Onyesho linarudiwa Jumamosi. Nimenunua tiketi, nitakaa mbele.