Kwenda kushitaki, kurudi mshitakiwa

Gesti nyingi za Kirumba na Igogo, hapa Mwanza, zina kitabu cha wageni kilichopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, kabila, kazi, atokako, aendako, sahihi. Usiku mmoja nilikaa mapokezi ya mojawapo nikimsubiri jamaa yangu, nikapekua kurasa chache. Karibu wageni wote walikuwa wafanyabiashara, wametoka Shinyanga na wanakwenda Bukoba. Juma, John na Masanja walikuwa wamerudi mara nyingi ajabu, kila safari na mwandiko mpya. Wanawake hawakuwamo. Mhudumu alinieleza kwamba chumba huandikwa kwa jina la anayelipa. Sasa siku dada poa, mwanamke anayeuza mwili, akikutwa chumba namba sita amevunjwa taya, hicho ndicho kitabu ambacho afande atakiomba, nacho kitamwambia kwamba usiku ule alilala humo Masanja, mfanyabiashara, peke yake.

Ugomvi ulio wa kawaida kuliko yote katika biashara ya dada poa ni wa simu. Mwanaume anasema: nilipitiwa na usingizi, nimeamka simu haipo na laki mbili hazipo. Mwanamke anasema: tulipatana elfu thelathini, alipomaliza akadai hana hela, nikashika simu iwe rehani mpaka alipe, ndipo akaanza kunipiga. Watu hupenda kuuliza nani muongo kati ya hawa wawili. Mara nyingi hakuna muongo. Simu ilichukuliwa kweli, na kipigo kilitembea kweli. Tofauti ni kwamba hadithi ya mwanaume inaingia kituoni ikiwa na jina tayari: wizi. Ya mwanamke haina jina, kwa sababu deni lake halidaiki popote. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba kinabatilisha makubaliano ambayo mahakama itayaona ni kinyume cha maadili. Ukishaondoa deni, rehani inabaki kuwa wizi, na kipigo kinaonekana kama hasira ya mtu aliyeibiwa.

Kisha kuna kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomhesabu mwanamke anayezurura au kutafuta wateja hadharani kwa ajili ya ukahaba kuwa mzururaji na mkosefu wa adabu. Ukikisoma kwa makini, hakisemi kwamba tendo lenyewe la faraghani ni kosa. Kinasema habari za barabarani na mahali pa wazi. Lakini difenda ya polisi ikipita usiku hakuna anayesoma kwa makini kiasi hicho. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Tanzania iliyokusanya simulizi za wanawake wa kazi hii waliosema walipigwa, walitozwa hela au kulazimishwa ngono na askari wenyewe waliowakamata. Hata ukiamini nusu tu ya simulizi hizo, utaelewa kwa nini mtu aliyeumizwa saa nane usiku anatafuta duka la dawa na kulipita dawati la jinsia la polisi bila kugeuza shingo. Akienda kushitaki, swali la kwanza ni: na wewe ulikuwa unafanya nini huko? Jibu la kweli ni ungamo.

Upande wa pili nao una hoja, na sitaki kuupitia juu juu kama wanavyofanya wanaharakati wengi. Kuna mzazi wa Mabatini ambaye dirisha la watoto wake linatazamana na mlango wa gesti bubu; huyu hajali kifungu namba ngapi, anachotaka ni kulala. Na kuna wanaume wanaoumizwa kweli. Fumanizi la kupanga ni mchezo wa zamani: mnaingia chumbani, dakika kumi hazijapita mlango unasukumwa, anaingia jamaa na wenzake wawili akilia kwamba huyo ni mke wake wa ndoa. Utapigwa picha na shuka, utatuma hela kwa simu, utaacha saa na viatu. Hutakwenda polisi, maana mke wako wa kweli yuko Nyegezi na mchungaji wako ni shemeji yake. Wengine wamewekewa dawa kwenye bia wakaamkia hospitali. Mtu aliyepitia hayo akisikia kwamba mwanamke wa kazi hii aaminiwe anaposema amebakwa, anatetemeka, na ana sababu: adhabu ya kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30.

Hofu hiyo imekolezwa na jinsi sheria ya ushahidi ilivyo. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kosa la kujamiiana kwa maneno ya mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji ni ule wa mwathirika mwenyewe, na sentensi hiyo imenukuliwa tangu hapo mpaka imekuwa kama dua. Ila wanaoiogopa husahau kwamba mahakama hiyo hiyo baadaye ilionya kuwa maneno ya mwathirika yasipokelewe kama Injili. Lazima yapimwe ukweli wake kama ya shahidi mwingine yeyote. Ipo pia kanuni kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anaaminika zaidi kuliko anayengoja. Kwa hiyo mwanaume asiye na hatia hajaachwa uchi.

Mtu aliyeachwa uchi na kanuni hiyo ya mwisho ni dada poa. Amtaje mapema nani? Mteja hana jina. Ana jina la kitabuni, na yeye mwenyewe ana jina la kazini. Sheria ilidhani watu wawili wanaogombana wanafahamiana, au angalau mmoja anaweza kumwambia jirani: ni fulani bin fulani. Biashara hii imejengwa juu ya kutofahamiana.

Visiwani, ndani ya Ziwa Victoria, ndiko hali inapokuwa ngumu kupita kiasi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikishatoka wavuvi hupumzika na hela zinaanza kutembea. Wauza chakula, wahudumu wa baa na wengine wanaolala na wavuvi wanafuata kalenda hiyo ya mwezi, kambi hadi kambi. Dada akipigwa kwenye kambi ya ng'ambo ya Ukerewe, kesi yake ya kwanza husikilizwa na mwenyekiti wa mwalo, yaani pale mitumbwi inapotia nanga, mara nyingi mbele ya tajiri mwenye mitumbwi ambaye mtuhumiwa ni mvuvi wake. Inaisha kwa faini na kuombana radhi. Akitaka PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, ni lazima apate mtumbwi, na akilazimika kufika Mwanza, kivuko cha kutoka Nansio ni saa tatu hivi, na dawa za kuzuia VVU baada ya kubakwa hazina maana zikipita saa 72. Mpaka afike, mvuvi ameshahama kambi.

Mwanza iliwahi kuwa na mabishano ya namna hii mbele ya dunia nzima. Mwaka 2004 mtengeneza filamu wa Austria, Hubert Sauper, alitoa Darwin's Nightmare, inayohusu sangara, ndege za mizigo na umaskini wa mji huu. Ndani yake yumo binti aliyekuwa akiishi kwa kutembea na marubani. Anaonekana akiimba wimbo wa kuisifu Tanzania, na baadaye mtazamaji anaambiwa ameuawa na mteja, raia wa Australia. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea filamu hadharani na watu wakaandamana Mwanza kuipinga. Ufaransa, mwanahistoria François Garçon akaandika kwamba ni udanganyifu, na kwamba watoto walilipwa waigize. Sauper akamshitaki kwa kumkashifu, mahakama ya Paris ikamtia Garçon hatiani mwaka 2008 na rufaa yake ikagonga mwamba mwaka uliofuata.

Watu wa Mwanza tuligawanyika, na bado ukiitaja filamu hiyo baa utapata ugomvi. Mimi naona serikali ilikuwa na haki kulalamikia baadhi ya mambo, hasa mkazo ule wa kwamba ndege hizo zilileta silaha, na Sauper naye alikuwa na haki ya kulinda jina lake. Lakini hesabu mabishano yale yalihusu nini: soko la minofu, sifa ya nchi, sifa ya msanii. Kifo cha yule binti kilitumika kama kielelezo na upande mmoja, na upande wa pili ukakiruka kwa sababu kukitaja ni kukubali kwamba wasichana wa aina hiyo wapo. Hakuna upande uliokifanya kuwa hoja yake.

Mimi nadhani kosa letu ni kuunganisha mafaili mawili. Kama alizurura, hilo ni faili moja, dogo, na anayetaka kulifungua alifungue siku nyingine kwa ushahidi mwingine. Kama alipigwa, hilo ni faili lake peke yake, na maneno aliyoyasema kuripoti kipigo yasitumike kumfungulia lile la kwanza. Utaratibu huo haumlazimishi hakimu kumwamini mtu yeyote. Unampelekea watu wawili badala ya mmoja.

Na si jambo geni katika ukanda huu. Kuna Mwanza nyingine, wilaya ya Malawi iliyopakana na Msumbiji. Mwaka 2009 polisi wa huko walikamata wanawake 11 wakiwadhania makahaba, wakapelekwa hospitali, wakapimwa VVU bila ridhaa yao na majibu yakasomwa mahakamani watu wakisikia. Mei 2015 Mahakama Kuu ya Blantyre ilisema haki zao zilivunjwa. Jaji hakuhitaji kuupenda ukahaba ili kufika hapo. Aliuliza tu wanawake wale walitendewa nini.

Kwa upande wa ushahidi, biashara yenyewe inabadilika kwa namna inayowasaidia wakweli wa pande zote mbili. Siku hizi mapatano mengi yanaanzia kwenye simu, laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, hela inapita kwa muamala, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe kama huo kuwa ushahidi. Aliyefumaniwa kwa mpango anaweza kuonyesha hela zilikwenda namba ya nani. Aliyepigwa anaweza kuonyesha nani alimwita chumba namba sita, hata kama kitabuni ameandika Masanja.

Bado kuna shahidi mmoja ambaye simu haiwezi kuziba pengo lake. Usiku ule nilimuuliza yule mhudumu: kelele zikitoka chumbani na dada akatoka anavuja damu, utakwenda kusema ulichokiona? Akaendelea kuhesabu funguo. "Kaka, nikisema nilimjua yule dada na huwa anakuja, nimesema bosi wangu ana danguro. Hilo nalo ni kosa. Mimi kule nitakwenda kama shahidi, nitarudi kama nani?"