Niliziba matundu yote ya karavani, kumbe panya nimemfungia ndani pamoja na mama mkwe

Mbukwenyi wadau. Najua wengi wenu mshaisikia ile voisi ya shemeji yangu, maana ipo grupu la familia, ipo grupu la mtaa, na jana nimesikilizishwa na fundi tairi wa Chang'ombe ambaye hata simjui. Shemeji anasema hivi: "Jamaa kakutwa usiku kwa mama mkwe, ana bukta tu." Halafu kicheko. Halafu voisi imeisha.

Sasa ndugu zangu tatizo langu ni kwamba kila neno hapo ni kweli. Usiku kweli, mama mkwe kweli, bukta kweli tena ile ya njano. Ila kwenye hii stori kuna panya, na shemeji kamruka makusudi.

Lile karavani mnalijua. Kwa wageni, ni kinyumba cha kuvuta na gari, nilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, kina kitanda, jiko la gesi, sinki kama la mwanasesere na kochi. Majirani Hombolo wanaliita kontena lenye pazia. Lilikaa shambani miezi kibao katikati ya zabibu na magunia ya mtama, na mtama ukikaa sehemu mnajua nani anahamia.

Basi mi nikajifanya injinia. Wiki mbili kabla ya safari nikawa nalala chini ya lile tela na tochi mdomoni natafuta tundu, maana panya mdogo anapita hata pale panapopita penseli, we unaona ufa yeye anaona geti. Linapotokea bomba la maji machafu, unapoingia waya wa umeme, kote nikashindilia stiliwaya za kusugulia masufuria, akitafuna imchome ulimi, juu yake nikapiga silikoni. Matundu ya nyuma ya friji hayazibwi kwa sababu friji la gesi linatakiwa lipumue, hapo nikabana wavu wa chuma. Dirisha la darini nikaweka wavu wa mbu. Nikiegesha, ile miguu minne ya chuma kila mmoja unakaa ndani ya kopo la oili chafu sisimizi wasipande, kama bibi zetu walivyokuwa wanafanya kabati la chakula. Nikarekodi video, nikasema kwa mdomo wangu huu huu, "hata sisimizi akitaka kuingia humu aombe kibali." Mkanipigia makofi. Wengine mkaniita mtaalamu. Sijasahau majina yenu.

Kitu kimoja sikufanya. Sikuinua mito ya kochi nikaangalia chini.

Safari yenyewe ilikuwa harusi ya upande wa mke wangu, Kondoa, Warangi wale, kukiwa na shughuli watu wanalala mpaka jikoni. Kutoka Dodoma kama kilomita 160, lami tupu, tukavuta pole pole. Mwanzoni mwa mwezi wa 12, mvua ndo zinafungua. Nikatangaza mbele ya ukoo kwamba mama mkwe atalala kwenye karavani, na Jumapili nitampeleka Kolo akaone michoro ya mapangoni, kazaliwa huko huko na hajawahi kupanda ule mlima, wakati wazungu wanapanda ndege kuja kuiangalia, hasa toka UNESCO waiweke kwenye urithi wa dunia 2006. Mke wangu akanitazama kwa jicho ambalo silioni mara nyingi. Jamani mimi na mama mkwe tunaheshimiana kwa umbali. Miaka saba ya ndoa sijawahi kumwona jino.

Mchana nikaona mavi ya panya kwenye sinki. Matatu. Sasa mavi ya zamani yanakauka, yanakuwa kijivu, ukiyagusa yanavunjika. Haya yalikuwa meusi yanang'aa, ya asubuhi hiyo hiyo. Mtu mwenye akili angesema mama, lala ndani na wenzio. Mi nikakumbuka video. Nikatembea hadi kwa yule jamaa wa spika, "panya, mende, kunguni, viroboto, wote chali", nikanunua gundi mbili za kunasia panya, zile za kibao. Panya anapenda kuambaa ukuta, basi moja nikaitandika chini ukutani pembeni ya mlango, nyingine juu ya kochi kwenye kona. Mama anapita katikati na analala upande ule mwingine, hatazigusa. Sikumwambia mtu. (Wewe unayetaka kuandika "kaka ungeweka paka", tulia kwanza.)

Jioni mvua ikapiga, ikakata saa tatu, ikaondoka na umeme. Mtaa mzima giza. Wapishi wapo chini ya turubai wanamenya vitunguu kwa tochi za simu. Mi nimejilaza kwenye gari, joto, shati nimevua. Saa nne simu, mke wangu, yuko ndani na kina bibi harusi: "Mama kanipigia, kuna kitu kinatembea humo, nenda kakitoe." Mi nikaelewa mama ameshatoka. Kwa nini nilielewa hivyo, msiniulize.

Nikafungua mlango. Giza totoro. "Hodi mama." Kimya. Nikaingia kwa ubavu, mgongo unaambaa ukutani kama komando, mkononi kandambili ya kumpigia huyo mnyama. Sasa piga hesabu, kandambili ikiwa mkononi, mguu mmoja uko peku.

Mguu wa kushoto ukakanyaga kitu cha baridi, laini. Nikajua maji ya mvua. Nikainua mguu na kibao kikainuka nao. Hapo ndo nikakumbuka. Nikainama nikibandue kwa mkono wa kulia, mkono nao ukanasa, nikavuta, ikavutika kama mlenda, yaani nyuzi nyuzi, nimesimama kwa mguu mmoja, mguu mwingine na mkono vimeshikana kama wachumba. Nikayumba. Nikatafuta pa kujishikiza nikakosa, nikakaa. Nikakaa kochini. Kwenye kona.

Ikasema chwap.

Nikatulia. Nikajiambia usivute, fikiria kwanza. Na nikiwa nafikiria, chini ya mto niliokalia kitu kikajigeuza. Halafu kikatoka, kikapanda, kikapita juu ya paja langu tupu, vile vikucha vyake vidogo jamani, vinne vinne, nikaachia ukelele ambao mpaka leo nabisha kwamba haukuwa wangu.

"Ni nani wewe?" Sauti kutoka kitandani.

Hakuwa ametoka. Taa ikawaka, ile nyeupe ya betri, kali kama ya uwanja wa mpira. Mama mkwe kasimama juu ya kitanda, kajifunga khanga mbili, tasbihi mkono mmoja, kitochi mkono mwingine. Mi nimekaa, bukta ya njano, mguu nimeukumbatia. Tukaangaliana.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu. Mazoea tu, sidhani hata alijisikia.

Nilidhani hapo ndo mwisho. Kumbe mlango niliuacha wazi, Kondoa nzima giza, mvua imetoka kukata, na taa inayowaka ni hii moja tu. Akaingia kumbikumbi mmoja, akazunguka taa. Wakaja watatu. Halafu nikasikia kama mchanga unamwagwa, wakaingia wote. Wote wa wilaya nzima. Na kumbikumbi akitua anajipapasa anaacha mbawa anatembea, sasa hawa wakitua kwangu hawatembei, wananasa. Nikajipangusa usoni kwa mkono. Mkono upi? Ule wa gundi. Basi shavu, nyusi, kifua, kote mbawa zimesimama zinapepea.

Nikainuka, mto wa kochi ukainuka na mimi. Nikarukaruka hadi mlangoni, panya akanipita pembeni akatangulia kutoka bila hata salamu, nikakosa ngazi nikaangukia kwenye tope mbele ya wapishi ambao walikuwa wanakuja mbio na tochi kwa sababu ya ule ukelele ambao si wangu. Kimya. Kisu cha vitunguu kikaanguka. Mtoto mmoja akasema, "Bibi, kuku huyo."

Nyuma yangu nikasikia kicheko nisichokijua. Nikageuka. Mama mkwe, kashika mlango, meno yote nje. Ana pengo la juu.

Yeye ndo aliyemaliza kazi. Akazima taa ya ndani, akaagiza beseni la maji liwekwe uani na tochi juu yake, dakika chache kumbikumbi wote wamehamia huko wanaangukia majini, karavani tupu. Mimi stiliwaya, silikoni, wavu wa aina mbili. Yeye swichi moja.

Mengine nayapitisha haraka. Gundi inatoka kwa mafuta ya kula, nikapakwa ya alizeti yaliyotengwa kwa pilau, shangazi wa bibi harusi akalalamika. Kumbikumbi walikaangwa. Mama akalala ndani na wenzie. Kolo hatukwenda. Asubuhi nikainua ule mto, chini kuna kiota cha sponji, maganda ya karanga, na vipande vya risiti ya silikoni.

Jana mama kanipigia mwenyewe, mara ya kwanza ndani ya miaka saba. Anauliza Kolo tunaenda lini. Nikamwambia mama panga siku mi nipo. Akasema, "Haya mkwe wangu, ila uje na suruali." Na nyuma yake nikamsikia shemeji anasema, "Mama rudia, sikurekodi vizuri."