Pedi Zangu Zimeanikwa Juani

Neno sodo lina historia ya kuchekesha. Fungua kamusi na utaambiwa ni kitambaa anachofunga mwanamke aliye katika hedhi. Litamke leo mbele ya msichana, naye anawaza pakiti inayong'aa yenye picha ya maua. Kitambaa kilifukuzwa, na aliyekifukuza akarithi jina. Nayasema haya mapema kwa sababu kila nikitaja pedi za kufua kuna mtu hunitazama kana kwamba nimezuka na jambo geni, la watu wenye muda wa kuchezea. Bibi zetu walifua. Wageni ni sisi tunaotupa.

Nimetumia pedi za kitambaa mwaka wa sita huu, na kikombe cha hedhi, kile kidogo laini kinachovaliwa ndani ya uke kukinga damu, mwaka wa nne. Tusidanganyane: sikuanza kwa kuwahurumia samaki wa baharini. Nilianza kwa sababu ya mwasho. Kila mwezi, ikifika siku ya tatu, mapaja yanawaka moto, natembea kama niliyeketi juu ya upupu. Pedi ya kutupa kwa sehemu kubwa ni plastiki. Juu kuna nyuzi laini za plastiki, katikati kuna punje zinazonyonya majimaji na kuvimba kama uji ulioganda, na chini kuna utando usiopitisha kitu, hewa ikiwemo. Wapo wanaoivaa miaka yote bila shida. Mimi ilinishinda.

Hesabu ya taka niliipiga baadaye. Pedi nne kwa siku, kwa siku tano, ni 20. Kwa mwaka zinapita 240. Kati ya kuvunja ungo na kukoma hedhi kuna miaka thelathini na kitu, kwa hiyo mtu mmoja anaacha nyuma yake pedi 8,000 hivi. Haziozi kama pamba. Ukizichoma zinatoa moshi wa plastiki, ukizitumbukiza chooni zinaziba bomba au zinajaza shimo kabla ya wakati wake.

Kikombe ndicho kinachoshinda mashindano haya, na sioni haja ya kuzunguka. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021, iliyopima athari za bidhaa za hedhi kwa mazingira tangu zinapotengenezwa hadi zinapotupwa, ilikiweka mbele ya nyingine zote. Kimoja cha silikoni hudumu hata miaka kumi. Wala si kitu cha juzi: Leona Chalmers, mwigizaji wa Marekani, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kikombe chake mwaka 1937, kikiwa cha mpira. Vita vya Pili vya Dunia vikaufanya mpira kuwa adimu, kikombe kikafifia.

Watu wanaogopa ukubwa wake. Ila damu ya hedhi nzima, kwa walio wengi, ni mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili au vitatu vya mezani. Na kikombe kimoja kinabeba 20 hadi 30, ukakaa nacho kwa muda usiozidi saa kumi na mbili. Mara ya kwanza nilichuchumaa chooni robo saa nzima, nikakikunja, kikaniponyoka, kikadunda ukutani. Mara ya pili kiliingia, lakini kutoka kikagoma, nikaanza kuwaza nitamwelezaje daktari. Siri ni kutokivuta kwa kijishikio chake. Unabana kitako chake kwa vidole kwanza, hewa iingie, ndipo kinaachia. Mwenye kitanzi cha uzazi aongee na mtoa huduma wake kabla ya kujaribu, kwa sababu kukivuta vibaya kunaweza kukiondoa kitanzi mahali pake. Mwezi wa tatu nilikuwa nimezoea. Mapitio ya tafiti 43, zilizohusu wanawake na wasichana wapatao 3,300, yaliyochapishwa na The Lancet Public Health mwaka 2019, yalionyesha kwamba kikombe hakivuji zaidi ya pedi au tamponi, na kati ya waliokizoea asilimia 70 hivi walitaka kuendelea nacho. Hao 30 waliobaki nao nawaelewa vizuri sana.

Chupi za hedhi, zile zinazonyonya damu zenyewe, nitazipitia haraka. Ni nzuri kwa usiku na kwa siku za mwisho. Zinachelewa kukauka, na kabla ya kununua uliza kama zimewekwa zile kemikali za kuzuia maji ziitwazo PFAS, kwa sababu jambo hilo limeshawafikisha watengenezaji mahakamani.

Sasa nirudi kwenye kitambaa, maana hicho ndicho kinachogawiwa wasichana wengi kwa mbwembwe, wakipigwa picha wakiwa wameshikilia vifurushi vya rangi. Kukifua si kazi ya kutisha. Unakisuuza kwa maji baridi kwanza, hadi maji yatoke meupe, kwa sababu maji ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Kisha sabuni ya kawaida. Dawa ya kulainisha nguo iache, inapaka nyuzi mafuta na pedi inasahau kunyonya. Doa dogo likibaki, libaki, si uchafu. (Wauzaji wengi hupenda vitambaa vyeusi ili doa lisionekane. Mimi nataka vyeupe, nione kama nimefua.)

Kinachobaki ni kuanika, na hapo ndipo mambo yote huharibika. Pedi ya kitambaa inataka jua na upepo. Isipokauka hadi ndani, kwenye matabaka yote, inabaki na unyevunyevu, inavunda, na anayeivaa hivyo anajitafutia mwasho na maambukizi. Lakini msichana aliyelelewa akiambiwa kwamba hata baba asijue yuko mwezini, utamwambiaje aitundike kamba moja na mashati ya baba huyo huyo? Ataianika chini ya godoro. Ataificha nyuma ya kabati. Akianza kuwashwa, watu watasema vitambaa ni vibaya.

Mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye mlango wangu na funguo zangu, mwaka mzima wa kwanza nilianika pedi bafuni nyuma ya taulo. Hakuna aliyenikataza. Zilianza kunuka kama dasta ya jikoni, nikamlaumu aliyezishona, nikakaribia kuzitupa zote. Siku moja bafu lilikuwa na mtu, nikazitoa nje kwa hasira. Jioni zilikuwa kavu, hazina harufu hata kidogo.

Ndiyo maana nachoka na makala zinazotuhubiria kuhusu dunia inayozama kwenye pedi zetu. Plastiki ile haikuwekwa mle na anayevuja damu. Aliiweka mwenye kiwanda, kwa sababu ni rahisi na inauzika. Msichana anayegombea bomba moja na familia tano, ambaye choo chake hakina hata komeo, simuombi aokoe chochote. Akipata pedi za kutupa na atumie, na mimi nikisafiri safari ndefu ninazo mbili mkobani. Anayemgawia vya kufua lakini hakuuliza maji yako wapi, mlango uko wapi na kamba iko wapi, kamgawia kazi. Na nikiulizwa pesa ya semina ya mazingira itumike wapi, jibu langu ni moja: nunueni kamba, mabeseni na makomeo, kisha muwakalishe kina baba na kaka zao chini muwaeleze kwamba kile kinachopepea pale ni nguo.

Mama alikuja kunitembelea mwaka jana. Alipoziona saba zimepangwa kambani hakusema neno, alichukua shuka akazifunika. Nikaiondoa. Akaingia ndani, akarudi, akairudisha. Nikamwambia, "Mama, zitavunda." Akanijibu, "Mwanangu, na majirani?" Tukaachana hapo. Mchana niliposinzia nikasikia vibanio vinalia nje, nikajua shuka limerudi tena. Nilipotoka nilimkuta ameliondoa na kulikunja begani. Moja ya pedi ilikuwa mkononi mwake, anabonyeza vifungo vyake, anafungua, anafunga.

"Hii inageuziwa upande gani?" akaniuliza. "Sisi tulikuwa tunakunja tu."