Kitanda cha traksioni ni safari ya anga isiyo na mazoezi

Ukiingia wodi ya mifupa hapa Goma, pale ambapo paja lililovunjika bado linavutwa kwa kamba na uzito (ndiyo traksioni), angalia kitanda kabla ya kumwangalia mgonjwa. Upande wa miguuni umeinuliwa kwa matofali, ili mwili wenyewe uvute kinyume na mgonjwa asiburutwe kuelekea kwenye uzito. Ukiinua kitanda cha mita 2 kwa sentimita 20, unapata mwinamo wa karibu digrii 6, kichwa kikiwa chini. Sasa linganisha: watafiti wa Toulouse na Cologne wanapotaka kujua safari ya anga inauharibu mwili vipi bila kumrusha mtu yeyote, huwalaza watu wenye afya kwa siku 60, kichwa chini, kwa mwinamo wa digrii 6.

Wale wa Toulouse wanapimwa kila siku. Motari (dereva wa pikipiki) wa Goma aliyegongwa na gari analala wiki 6 hadi 12 katika mwinamo uleule, na agizo analopewa ni moja: apumzike. Naona agizo hilo ni kosa. Mfupa uliovunjika ndio unaohitaji kutulia. Mguu mwingine, mgongo, mikono na moyo havijavunjika, na kuvipumzisha ni kuvibomoa. Waliotuonyesha hili waziwazi ni wanaanga, kwa hiyo tuanze kwao.

Wengi hudhani angani dunia haivuti. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kama kilomita 400 juu yetu, na huko dunia bado inavuta kwa karibu asilimia 90 ya nguvu ya hapa chini. Kituo na watu waliomo wanaanguka pamoja bila kukoma, ila wanakwenda kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa, basi kila wakianguka dunia nayo inajipinda chini yao. Hakuna sakafu inayosukuma nyayo. Hapo ndipo mfupa unapokosa habari. Seli zinazojenga mfupa husubiri mkazo ili zifanye kazi. Mkazo usipokuja, zile zinazobomoa huendelea peke yao. Nyonga ya mwanaanga asiyefanya mazoezi ya kutosha hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mfupa kwa mwezi, kiasi ambacho mwanamke aliyekoma hedhi hukipoteza kwa karibu mwaka mzima. Misuli hutangulia, hasa ya shavu la mguu, paja la mbele na mgongo, yaani ile inayotusimamisha.

Mwaka 1970 Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov walikaa siku 18 ndani ya Soyuz 9. Waliporudi ilibidi wasaidiwe kutoka, na kwa siku kadhaa kusimama kuliwashinda. Mwaka 1995 Valeri Polyakov alirudi baada ya siku 437 ndani ya kituo cha Mir, akatembea hatua chache kutoka kwenye chombo hadi kwenye kiti. Alikuwa daktari, na mazoezi aliyafanya kwa bidii akiwa huko.

Lakini mazoezi gani? Hapa ndipo penye fundisho ambalo wodi zetu hazijalichukua. Baiskeli ya angani inasaidia moyo na mapafu. Mfupa wa nyonga hauna habari nayo. Mashine ya kukimbilia humfunga mtu kwa mikanda inayomvuta chini, ila mabega na nyonga huuma, hivyo wengi hukimbia kwa asilimia 60 hadi 80 tu ya uzito wao. Mashine ya kwanza ya kunyanyua uzito kwenye kituo ilitumia mpira, ikafikia kilo 136 tu, na wanaanga waliendelea kupoteza mfupa. Mwishoni mwa 2008 ikapelekwa nyingine, ARED, yenye silinda zilizoondolewa hewa badala ya mpira, inayofika kilo 272. Waliochuchumaa, kunyanyua kutoka sakafuni na kuinuka kwa vidole kwenye mashine hiyo, huku wakila vya kutosha na kupata vitamini D, walirudi na mifupa iliyohifadhika kwa kiasi kikubwa.

Kwa nini uzito mkubwa hivyo? Mtu wa kilo 70 akichuchumaa hapa Goma bila kushika kitu, tayari amebeba sehemu kubwa ya kilo hizo. Angani hana hata moja, lazima aziweke zote kwenye chuma kabla hata hajaanza mazoezi yenyewe. Jumla ya muda wao, pamoja na kufunga na kufungua vifaa, ni kama saa 2 na nusu kwa siku, siku 6 kwa wiki.

Mgonjwa wetu ana faida ambayo mwanaanga angeilipia ghali: hapa dunia inavuta bure. Tunachokosa ni kumpa nafasi ya kusukumana nayo. Daktari wa upasuaji akikubali, na kine (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) akiwepo kuonyesha mara za kwanza, kitanda kinatosha kuwa uwanja wa mazoezi. Mguu usiovunjika ukunjwe, unyayo ukae kwenye godoro, mikono ishike chuma kilicho juu ya kitanda, kisha makalio yainuliwe na kushikiliwa sekunde 5. Mara 8 hadi 12, kupumzika dakika 2, kurudia hadi awamu 3. Hilo ni zoezi, na pia ndivyo basini (chombo cha kujisaidia kitandani) inavyoingizwa bila kumtesa mtu. Mikono ivute chuma cha juu, halafu ijisukume kutoka kwenye godoro, kwa sababu magongo hubebwa na misuli ya nyuma ya mkono, na wengi hulijua hilo siku magongo yanapoletwa. Bidoni ya lita 5 iliyojaa maji ni kilo 5 za kuanzia. Ikiwa mtu anainua mara 12 akiongea na wageni, ni nyepesi mno.

Mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, uliokatwa upana wa sentimita 5, unafaa kusukumia mguu usiovunjika, ila una kasoro ileile ya mashine ya zamani ya angani: goti likiwa limekunjwa hauna nguvu, unakuwa mzito mwishoni tu. Ufungwe mfupi, uwe umekaza tangu goti limekunjwa, na ukunjwe mara mbili.

Mguu uliovunjika nao haulali. Kukaza paja bila kusogeza goti, sekunde 6, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Kupandisha na kushusha kifundo kila saa. Kwenye traksioni ya Perkins goti lenyewe linakunjwa mapema, mfupa ukiwa bado unavutwa, na matokeo yake ni goti linalopinda baadaye. Unyayo uegemezwe wima, la sivyo huelekea chini na kukakamaa hivyo.

Familia nyingi huleta mafuta na kuagiza masaji badala ya haya. Masaji hubembeleza ngozi, mfupa hauioni. Na shavu la mguu lililovimba upande mmoja, lenye joto na maumivu, lisiguswe kabisa: huenda kuna damu iliyoganda ndani, na kulisugua kunaweza kuituma kwenye mapafu. Aitwe daktari saa hiyohiyo.

Kuna jambo ambalo kunyanyua chuma hakujalitatua angani, nalo ni maji ya mwili. Huko karibu lita 2 hupanda kutoka miguuni kwenda kifuani na kichwani, uso unavimba, miguu inakuwa myembamba, na kwa baadhi ya wanaanga neva ya jicho huvimba hadi kusoma karibu kunakuwa shida. Warusi wana suruali iitwayo Chibis inayofyonza damu kuelekea chini. Kwa safari ya Mars wapo wanaotaka chombo kinachozunguka. Ili kupata uzito wa duniani kwa mizunguko 4 kwa dakika, kinahitaji nusu kipenyo cha mita 56, kwa hiyo sioni kikijengwa karibuni. Goma inatosha kumketisha mtu. Pale traksioni inaporuhusu, kichwa kiinuliwe mara kadhaa kwa siku.

Asiyeketi wiki nyingi asisimamishwe ghafla. Sehemu ya maji ya damu imeshatolewa kwa mkojo, na mishipa ya miguu imesahau kubana. Wanaanga hunywa kama lita 1 ya maji yenye chumvi kabla ya kutua na kuvaa nguo za kubana miguu. Mgonjwa anywe maji vizuri (ya chumvi hapana, kama ana presha, moyo au figo), kichwa kiinuliwe digrii 30, kisha 60, kisha aketi miguu ikining'inia dakika 5, ndipo asimame. Presha ya juu ikishuka kwa 20, au mapigo yakipanda kwa 30, arudishwe, ajaribu tena baadaye.

Chakula ni muhimu, ingawa hakichukui nafasi ya mkazo. Sambaza (samaki wadogo wa ziwani) wanaoliwa na mifupa yao, maharage, jibini ya Masisi: hapo kuna protini na kalsiamu. Tembe za kalsiamu kwa mtu aliyelala sizipendi bila amri ya daktari, maana mfupa wake unamwaga kalsiamu kwenye damu na figo zinaisukuma kwenye mkojo, njia fupi ya kupata mawe ya figo. Chumvi nyingi huongeza umwagaji huo. Kunywa maji kungesaidia, lakini wengi hujizuia kwa aibu ya kuomba basini. Anayemuuguza aijue aibu hiyo na aitangulie. Wanaanga wasioona jua hupewa vitamini D vipimo 800 kwa siku. Sisi tusukume kitanda hadi barazani.

Baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, misuli hurudi kwa wiki au miezi. Mfupa ni mwendo mwingine. Utafiti wa 2022 uliofuatilia wanaanga 17 ulionyesha kuwa 9 kati yao, mwaka mzima baada ya kurudi, mfupa wa muundi ulikuwa haujarudi kamili. Pia diski za mgongo zilizokosa kubanwa hujaa maji na huchomoka kwa urahisi. Kwa hiyo anayerudi kwenye tshukudu (kigari cha mbao cha kubebea mizigo) au kwenye bidoni ya lita 20 mgongoni aanze na ya lita 5 kila mkono, achuchumae badala ya kuinama, na asichote maji mara anapoamka, kwa sababu ni asubuhi diski zinapokuwa zimejaa zaidi. Saa moja au mbili za kutembea kwanza.