Wafu wa Kusimuliwa Usiku

Port Arthur, gereza la zamani huko Tasmania, Australia, lilifanya kazi kuanzia 1830 hadi 1877, na tangu 2010 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mchana wageni huelezwa historia yake. Usiku mamlaka ileile inayolisimamia huwauzia ziara za mizuka. Wahifadhi wengi hukereka: historia hudai nyaraka, na mzuka hauna nyaraka.

Hoja yao ina uzito. Katika Myrtles, jumba la shamba la zamani la watumwa huko Louisiana, Marekani, wageni husimuliwa habari za Chloe, mtumwa aliyekatwa sikio, akalipiza kisasi kwa kuwatilia watoto wa bwana wake sumu kwenye keki. Waliopekua kumbukumbu hawakuona mtumwa wa jina hilo, na wale anaodaiwa kuwaua walikufa kwa homa ya manjano. Watumwa halisi wa shamba lile wamesahaulika. Anayetajwa ni mwanamke wa kubuniwa, tena muuaji wa watoto. Hilo mimi silisamehe.

Lakini wahifadhi, wenye vibao rasmi vya maelezo, nao wana deni. Kwa miaka mingi majumba ya aina hiyo yalisifiwa kwa nguzo, samani na ukoo wa mwenye nyumba. Aliyepika na kufua hakutajwa. Huko New Orleans, moto wa mwaka 1834 ulifichua mateso waliyopata watumwa nyumbani kwa Delphine LaLaurie, mwanamke tajiri wa mji huo. Wageni wengi huyasikia kwa mara ya kwanza katika matembezi ya usiku. Yametiwa chumvi, ndiyo, ila kiini chake kiliandikwa na magazeti ya wakati ule.

Nirudi Port Arthur. Aprili 1996 watu 35 waliuawa katika shambulio la risasi hapo na maeneo ya jirani, na leo wanakumbukwa kwa bustani tulivu. Nani angethubutu kuuza tiketi za mizuka yao? Wana ndugu walio hai. Mfungwa aliyezikwa bila jiwe la kaburi kwenye kisiwa cha jirani hana wa kumsemea, ndiyo maana kumfanya kitisho ni rahisi.

Basi mimi hujiuliza: mwongozaji angeweza kuisema simulizi hii mbele ya mtoto wa marehemu? Akiweza, aiseme, hata usiku, hata kwa kandili. Ya watumwa wa LaLaurie inapita, ikiondolewa chumvi. Ya Chloe haipiti.