Anayeshika kapu ndiye aelezwe

Mjamzito wa Lamu akienda kliniki huambiwa ale mboga, matunda, samaki na maziwa. Hurudi nyumbani anajua vizuri. Kisha kitoweo huletwa na mume au mavyaa kutoka sokoni pale karibu na ngome, na kilichomo kapuni ndicho kipikwacho. Naona somo lile humfikia asiyenunua.

Tazama chakula cha asubuhi: mahamri, mbaazi za nazi, chai. Mbaazi zina asidi ya foliki na madini ya chuma, tena bei yake nafuu. Lakini chuma cha kunde mwili hukifyonza kwa shida, na chai, iwe ya rangi au ya maziwa, hukizuia zaidi. Basi mbaazi zirowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe. Ndimu ikamuliwe mezani, si jikoni, maana moto huharibu vitamini C. Chai ingoje saa nzima baada ya kula, na kahawa tungu vilevile.

Vidonge vya damu vina mkasa huohuo. Kidonge cha kila siku, chenye chuma miligramu 60 na foliki miligramu 0.4, wengi hukiacha kwa kuwa kinachafua moyo. Hukimeza asubuhi, tumbo tupu, kwa chai: makosa mawili kwa mpigo! Kimezwe usiku baada ya matonge machache, kwa maji ya ndimu. Choo kikiwa cheusi asishtuke. Ni chuma kilichobaki.

Kusi likivuma, vyombo vidogo haviendi mbali, samaki hupanda bei, na ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, ndipo hushika nafasi. Ng'onda wa papa ana mambo mawili: chumvi na zebaki, metali yenye sumu. Kumroweka hupunguza chumvi. Zebaki haitoki, nayo hudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Sulisuli ni vivyo hivyo, kwani samaki wakubwa wawindaji hujikusanyia zebaki ya wadogo wanaowala. Mume anayelijua hili atanunua tasi, changu au dagaa, na dagaa akiliwa na mifupa yake huongeza kalisi.

Kuhusu kiasi, kuna wasemao ale kwa watu wawili, na kuna wasemao ajinyime mtoto asije akawa mkubwa akashindwa kuzaliwa. Wote wamekosea. Miezi mitatu ya mwanzo hahitaji nyongeza. Kuanzia wa nne ni kama kalori 340 kwa siku, yaani glasi ya maziwa na ndizi mbili, na miezi mitatu ya mwisho kama 450.

Akionekana anatafuna udongo, asifokewe. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe huweza kukizuia chuma na kuleta minyoo. Apelekwe apimwe damu: himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, au 10.5 katika miezi ya katikati, kidonge kimoja kwa siku huenda kisimtoshe.